Mlinzi Asiye na Ufunguo: Safari ya Fedha Katika Uwanda wa Kati

Mwisho wa mwezi, siku za mishahara zinapowadia, mpita njia katika Mtaa wa Kuu mjini Dodoma aghalabu hukutana na jambo ambalo limekwisha kuwa la kawaida. Gari lenye mwili wa chuma, lisilo na madirisha ubavuni, husimama mbele ya benki. Askari wenye silaha huteremka kwanza na kutazama huku na huko. Kisha mlango mdogo hufunguliwa kutoka ndani, mtu aliyevaa kofia ngumu hutoka na kasha mkononi, huingia benki na kurudi, na kabla mpita njia hajamaliza kununua karanga zake, gari limekwisha kuondoka.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa akiitazama shughuli hiyo pamoja na wenzake, aliuliza hivi: "Majambazi wakimkamata yule mlinzi wakamwelekezea bunduki, si atalazimika kufungua?" Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko walivyodhani. Wengi wetu tukilitazama gari la fedha huona chuma, na hudhani kwamba usalama wote umo katika unene wa chuma hicho. Mwanafunzi huyu alimwona mtu. Makala haya yanakusudia kumjibu, na ili jibu lieleweke vema yafaa tuanze mbali kidogo.

Uzito uliokuwa mlinzi

Haja ya kupitisha mali katika uwanda wa kati si ya leo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kuikata nchi ya Ugogo, nchi kavu ambamo kisima kilikuwa na thamani kuliko shamba. Huko bara sarafu hazikuwa na kazi kubwa. Fedha ya wakati ule ilikuwa ni vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na nyaya nene za shaba zilizoitwa masango. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, mizigo yake yote ilikaribia tani 6, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa ni "fedha" ya kutumia njiani.

Sehemu ya fedha hiyo ilibaki Ugogo. Watemi waliomiliki visima na njia waliwatoza wasafiri hongo, na kiasi chake kilijadiliwa mchana kweupe, wakati mwingine kwa siku kadhaa, huku msafara mzima ukingoja. Leo neno hongo lina maana ya rushwa inayotolewa kwa siri, lakini zamani hizo lilikuwa jina la ushuru wa wazi. Lugha nayo ina historia yake.

Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba mali ya aina hiyo ilijilinda yenyewe kwa uzito wake. Mwizi aliyetaka kuiba mzigo wenye maana ilimpasa awe na wapagazi wake, na wapagazi hao wale, wanywe na walale mahali. Mtu mmoja hawezi kukimbia na tani moja ya merikani.

Noti ya karatasi imemwondoa mlinzi huyo. Hebu tufanye hesabu. Sarafu ya shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina uzito wa takriban gramu 9 na nusu. Shilingi milioni moja kwa sarafu hizo ni sarafu 2,000, yaani kilo 19, mzigo wa kumtoa mtu jasho. Milioni hiyo hiyo kwa noti za shilingi 10,000 ni noti 100 tu. Noti moja ina uzito wa karibu gramu 1, kwa hiyo bunda zima ni gramu 100 na unene wake ni kiasi cha sentimita moja. Huingia katika mfuko wa shati.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila kuwa na fedha yoyote. Karatasi ya kawaida ya kuandikia mitihani, ile ya ukubwa wa A4, ina uzito wa gramu 5, sawa na noti tano. Basi rimu moja ya karatasi 500 inalingana kwa uzito na noti 2,500. Mwanafunzi anayeinua rimu hiyo kwa mkono mmoja ajue kwamba, kama zingekuwa noti za shilingi 10,000, angekuwa ameshika shilingi milioni 25. Shilingi bilioni moja ni rimu 40, yaani kilo 100: uzito wa gunia moja la mahindi. Lakini bilioni hiyo ikitakiwa kwa noti za shilingi 1,000, uzito wake hufika tani nzima. Tutarudi kwenye tofauti hii, kwa kuwa mkulima wa Kongwa au Iramba hahitaji noti kubwa peke yake, bali huhitaji na chenji.

Chuma na kioo

Maadamu noti haijilindi kwa uzito wake, imebidi izungushiwe uzito wa kitu kingine, nacho ni deraya ya chuma. Kampuni ya Brink's ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1859 kwa kazi ya kuchukua mizigo kwa mkokoteni, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia magari ya deraya kwa kazi hiyo, katika miaka ya 1920.

Ili kujua kazi ya deraya, tuitazame risasi kwa macho ya fizikia. Risasi ya bunduki ya kivita iliyo ya kawaida katika eneo letu ina tungamo la gramu 8 hivi, nayo hutoka katika mtutu kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde. Kanuni ya nishati mwendo, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaijua, hutupatia karibu jouli 2,000. Je, hizo ni nyingi? Gunia la mahindi la kilo 100 likiangushwa kutoka urefu wa mita 2 hugota chini na nishati hiyo hiyo. Gunia hilo likiangukia mlango wa chuma litaubonyeza tu. Risasi huutoboa, kwa sababu nishati yake yote huishia katika eneo dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kinachotoboa, basi, si nishati tu, bali ni nishati iliyokusanywa mahali pamoja.

Kazi ya deraya ni kuutawanya mkusanyiko huo. Bamba lake ni la chuma cha pua kilichotiwa moto mkali kisha kikapoozwa ghafla, kama afanyavyo mhunzi anapokichovya kisu chake majini, ili kiwe kigumu kuliko risasi yenyewe. Risasi ikigonga hubonyea na kutandazika, na nishati yake huenea katika eneo kubwa la bamba. Kioo cha mbele hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Kioo hicho kimeundwa kwa matabaka mengi: tabaka za kioo kigumu ambazo huivunja risasi na kuvunjika pamoja nayo, na nyuma yake tabaka za plastiki ngumu ziitwazo polikaboneti, ambazo hupinda bila kukatika na kuvidaka vipande. Ndiyo maana kioo cha gari la fedha kilichopigwa risasi huonekana kama utando wa buibui lakini hakidondoki.

Kila faida ina gharama yake. Bamba la chuma lenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa milimita 6 lina uzito wa kilo 47. Gari linalohitaji mita za mraba 20 za bamba hilo limekwisha kuongezewa karibu tani moja kabla halijapakia hata noti moja. Uzito huu hujitokeza zaidi katika barabara zetu. Yeyote aliyesafiri kutoka Singida kwenda Nzega anaufahamu mteremko wa Sekenke, ambapo malori hushuka kwa gia ndogo na harufu ya breki hujaa hewani. Tuchukue gari la tani 6 linaloshuka kimo cha mita 100. Nishati inayotakiwa kumezwa na breki na injini ni jouli milioni 6, kiasi kinachoweza kuchemsha debe zima la maji. Dereva wa gari la fedha hana budi kuwa dereva wa lori kwanza, ndipo awe mlinzi.

Gharama nyingine haisemwi sana. Madirisha ya deraya hayafunguki. Katika mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Dodoma hufika kama nyuzi 30 na zaidi, na ndani ya sanduku la chuma lililoachwa juani hali huwa mbaya kupita hapo. Mlinzi aliyefungiwa humo hushawishika kuuacha mlango wazi kidogo ili apate hewa. Mlango ukiwa wazi, bamba la milimita 6 na la milimita 60 ni mamoja. Kwa hiyo mashine ya kupooza hewa katika gari hilo ni sehemu ya deraya, nayo ikiharibika gari lisitoke. Hayo ni maoni ya mwandishi, na anadhani walinzi wenyewe hawatayapinga.

Ufunguo ulio mbali

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Chuma, hata kiwe kinene namna gani, hununua muda tu. Huko Afrika Kusini, ambako mashambulizi ya magari ya fedha yamekuwa balaa la miaka mingi, magenge yameamua kutumia baruti. Bamba likizidi unene, baruti nayo huzidi uzito, na wanaoumia ni watu waliomo ndani. Tena si lazima bamba litobolewe. Septemba 2019, jijini Nairobi, watu waliovaa sare za polisi walichukua shilingi milioni 72 za Kenya zilizokuwa njiani kupelekwa kwenye mashine za kutolea fedha. Ukuta wa chuma hauna kinga dhidi ya sare.

Wataalamu wa ulinzi walikwisha kulitambua tatizo hili zamani. Katika mji wa Rochester nchini Marekani, fundi wa makufuli aitwaye James Sargent alitengeneza mwaka 1873 kufuli la saa lililofaa kwa matumizi ya benki. Wakati huo majambazi walikuwa na desturi ya kwenda nyumbani kwa mkuu wa benki usiku, kumtoa kitandani, na kumtesa yeye au familia yake mpaka afungue sefu. Kufuli la Sargent liliunganishwa na saa. Likishafungwa jioni, halikufunguka mpaka saa iliyopangwa ya asubuhi, hata kwa mtu aliyezijua tarakimu zote za siri. Mkuu wa benki alipata usalama mpya wa ajabu: usalama wa kutoweza. Kumtesa hakukuwa na faida tena.

Huo ndio msingi wa gari la fedha la leo, na ndilo jibu la swali letu. Mlinzi unayemwona mtaani hawezi kufungua sefu iliyo nyuma ya gari, kwa sababu hana kinachofungua. Mara nyingi kazi imegawanywa hivi: ufunguo mmoja, au nusu moja ya namba ya siri, uko kwa watu wa gari, na nusu ya pili iko benki linakokwenda gari. Katika mifumo mipya zaidi kufuli la elektroniki hukubali namba ambayo hutumika mara moja tu. Namba hiyo hutolewa na chumba cha uongozi, kwa simu, baada ya gari kufika mahali panapotakiwa na kujitambulisha, nayo ikishatumika haifai tena. Aghalabu huongezwa kucheleweshwa kwa makusudi: namba ikishaingizwa, dakika kadhaa hupita kabla kufuli halijaachia. Dakika hizo kwa karani ni usumbufu mdogo, lakini kwa mwizi aliyesimama barabarani ni ndefu mno.

Je, mwizi hawezi kubahatisha namba? Kufuli la kawaida la kuzungusha lenye duara tatu, kila moja likiwa na nafasi 100, lina michanganyiko 100 × 100 × 100, yaani milioni moja. Mtu anayejaribu mchanganyiko mmoja kila baada ya sekunde 10, bila kulala wala kula, atahitaji siku 115 na zaidi kuimaliza yote.

Milango ya gari nayo imepangwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ipo miwili, mmoja nyuma ya mwenzake, na nafasi finyu katikati. Mlango wa ndani hautafunguka wakati wa nje uko wazi, wala wa nje wakati wa ndani uko wazi. Dereva yuko katika chumba chake, amefungiwa, wala hateremki kwa sababu yoyote. Akiona hatari anachotakiwa kufanya ni kuondoka, hata kama mwenzake amebaki nje. Amri hii husikika kuwa ya kikatili. Hata hivyo gari likishakwenda zake, aliyebaki nje hana kitu cha kutafutwa kwake, na maadamu hana kitu, upo uwezekano mkubwa wa kuachwa hai. Ndiyo sababu baadhi ya magari haya yameandikwa ubavuni, kwa herufi kubwa, kwamba waliomo hawawezi kufungua. Maandishi hayo hufanya kazi pale tu yanaposomwa na kuaminiwa na mwizi, nayo huaminiwa pale yanapokuwa ya kweli.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kifaa chenye akili kuliko vyote katika kazi hii si kufuli. Ni lakiri. Fedha huhesabiwa benki mbele ya watu wawili au zaidi, hutiwa katika mfuko, na mfuko hufungwa kwa lakiri yenye namba. Watu wa gari hawazihesabu fedha hizo wala hawatakiwi kujua ni kiasi gani. Wanachokubali kwa saini ni mfuko namba fulani, wenye lakiri namba fulani, isiyovunjika. Wakifika waendako, mpokeaji huilinganisha namba na kuikagua lakiri, kisha naye hutia saini. Lakiri ni kipande cha plastiki ambacho mtoto anaweza kukikata kwa wembe, wala haimzuii mtu kuiba. Kazi yake ni kusema ukweli. Ikikatwa hairudi ilivyokuwa, na kutoka katika saini zilizopo hujulikana mara moja kwamba mfuko ulikuwa salama mpaka mkono upi. Mlinzi mwaminifu hulindwa nayo, kwani pakitokea upungufu katika hesabu, lakiri nzima humwondolea lawama.

Fedha inayojiharibu

Tuseme ulinzi wote huo umeshindwa, na kasha limeporwa. Bado ipo hatua moja, nayo ni kuifanya fedha yenyewe isiwe na faida kwa mwizi.

Ndani ya baadhi ya makasha hufichwa chombo chenye wino na mtambo mdogo wa umeme. Kasha likivunjwa, au likipita muda uliowekwa bila kufika mahali pake, mtambo huusukuma wino ukaenea katika mabunda yote kwa kufumba na kufumbua. Wino huo si kama ule wa kalamu. Noti nyingi hutengenezwa kwa karatasi ya nyuzi za pamba, na rangi iliyomo katika wino hupenya kati ya nyuzi hizo na kushikamana nazo, kama inavyofanya rangi katika kanga. Kitu chenye nguvu ya kuitoa rangi hiyo huila na michoro ya noti pia. Aidha, wino unaweza kutiwa alama za kikemia ambazo hutofautiana toka kasha hadi kasha, hivyo noti moja iliyookotwa sokoni inaweza kueleza imetoka katika wizi upi.

Sayansi hapa inahitaji msaada wa sheria. Noti iliyochafuka ikipokewa na wenye maduka, kazi yote ya wino imekuwa bure. Benki Kuu ya Ulaya imeweka kanuni kwamba noti za yuro zilizochafuliwa na vyombo vya kuzuia wizi hubadilishwa kwa ombi la mwenye mali aliyeibiwa, nayo huwaonya wananchi wasizipokee. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: benki kuu yake inasema noti yenye rangi hiyo haina thamani.

Upo pia ulinzi wa kimyakimya ambao hauhitaji wino. Noti mpya zitokazo benki kuu hufuatana namba zake. Bunda jipya likiibwa, namba ya kwanza na ya mwisho zikijulikana, namba za noti zote zilizo katikati zimejulikana. Noti zilizokwisha kupita mikononi mwa watu hazina faida hiyo.

Setilaiti haikuoni

Wanafunzi wengi husema kwamba gari la fedha "linaonekana na setilaiti". Usemi huo una kosa linalofaa kusahihishwa. Setilaiti zinazotumika kujua mahali gari lilipo huzunguka dunia zikiwa kimo cha zaidi ya kilomita 20,000, nazo haziangalii gari lolote. Kazi yao ni kutangaza saa. Kila moja hutuma mawimbi yanayosema wakati wake na mahali ilipo. Kipokezi kilicho ndani ya gari hupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi na kupima yalivyochelewa njiani. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo safari yote huchukua karibu sehemu 7 za mia za sekunde. Kosa la milioni moja ya sekunde katika saa huleta kosa la mita 300 barabarani. Ndiyo maana setilaiti hizo hubeba saa za atomu.

Gari basi limejua lilipo, lakini hakuna mwingine anayejua mpaka liseme. Kwa kusema, hutumia mtandao wa simu za mkononi, na hapo ndipo uwanda wa kati huleta shida yake. Katika njia ya kutoka Dodoma kwenda Babati, ambayo ni kilomita 251 na ilifunguliwa rasmi kwa lami mwaka 2018, zipo sehemu za vilima na mapori ambako minara iko mbali. Kifaa kizuri huzihifadhi habari zake na kuzituma zote kwa pamoja mawasiliano yakirejea. Chumba cha uongozi kinachojua kazi yake huwa kimeiandika mapema orodha ya mahali pa ukimya na muda ambao ukimya huo unapaswa kudumu. Ukizidi muda huo, polisi huarifiwa.

Msimu wa mavuno

Fedha huingia Tanzania Bara na Visiwani kwa mlango mmoja, yaani Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ilianza kazi na kutoa shilingi yetu tarehe 14 Juni 1966. Kutoka kwenye matawi yake, na kutoka kwenye vituo vya kuhifadhi fedha vilivyo ndani ya baadhi ya benki za biashara mikoani, noti husambaa kwa barabara. Msambao huo haulingani mwaka mzima. Mwezi Machi Kibaigwa ni mji mdogo tulivu kando ya barabara ya Morogoro. Mavuno yakifika, soko lake la nafaka katika Wilaya ya Kongwa hujaa malori kutoka kila upande. Tuseme gunia la mahindi ni shilingi 60,000. Lori linalobeba magunia 100 linahitaji shilingi milioni 6 papo hapo, na nyuma yake yapo malori mengine kwa makumi. Wakati huo huo Singida wananunua alizeti. Zabibu za Dodoma, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, nazo zina wakati wake. Magari ya fedha hayana budi kufuata kalenda ya mkulima, na noti zitakiwazo ni zile ndogo, zile zenye uzito wa tani kwa bilioni.

Msomaji atauliza: je, fedha za simu hazijalimaliza jambo hili? Huduma hiyo ilianza nchini mwaka 2008, na hakika imepunguza mengi. Fikra ya kukwepa safari si ngeni katika uwanda huu. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza wasiweze kuleta sarafu kutoka kwao, walipiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli karibu na Tabora. Walitumia shaba kwa sarafu ndogo, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke kwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo elfu 16. Simu imefanya zaidi: thamani husafiri bila chuma wala karatasi. Lakini mkulima akipokea malipo yake kwa simu kijijini, hufika kwa wakala na kutaka noti za kumlipa kibarua na kununua chumvi. Wakala akiishiwa fedha taslimu, huzifuata mjini, mara nyingi juu ya pikipiki, na mfuko kifuani. Hana deraya, hana lakiri, hana namba itolewayo na mtu aliye mbali. Ufunguo wote anao yeye, na kila mtu kijijini anajua siku anazokwenda mjini. Kwa mtazamo wa usalama, sehemu ya safari iliyo hatari kuliko zote sasa ni hizo kilomita 30 za mwisho, nazo hazijapata mtaalamu wa kuzishughulikia kama Sargent alivyomshughulikia mkuu wa benki. Kijana anayesoma fizikia na hesabu leo katika shule ya Manyoni au Kondoa hana haja ya kwenda mbali kutafuta tatizo la kufanyia kazi. Kasha dogo la pikipiki, jepesi, la bei nafuu, lenye kufuli la saa na wino, ambalo wakala mwenyewe hawezi kulifungua njiani, linaweza kuwa jambo la kuanzia.

Gari la fedha, likishashusha mzigo wake Singida, halirudi Dodoma tupu. Hurudi na noti zilizochoka: zilizopasuka, zilizoungwa kwa gundi ya karatasi, zilizolowa mafuta ya alizeti. Mwaka 2025, kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili, zilirudi pia noti ambazo wengi walikuwa wamezisahau ndani ya masanduku na magodoro, kwani Benki Kuu iliziondoa katika matumizi noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Mzigo huo wa karatasi chakavu huhesabiwa na watu wawili, hutiwa mfukoni, na hupigwa lakiri yenye namba kama ule wa noti mpya. Mlinzi aliyekaa karibu nao hajui ni upi kati ya hiyo miwili, na njia nzima mpaka Dodoma hana haja ya kujua.